Kupandisha Silensa

Mafundi wa magari nchini mwetu wana neno lao la silensa. Maana yake ni mwendo wa injini gari linapokuwa limesimama, injini ikinguruma taratibu na mguu wa dereva ukiwa haujagusa mafuta. Wana pia tiba moja maarufu inayotokana na neno hilo, nayo ni kupandisha silensa. Gari kuukuu likianza kutetemeka linaposimama, fundi mwenye haraka huzungusha skrubu moja, injini ikaongeza mwendo, mtetemo ukapungua, mteja akalipa na kwenda zake. Kilichoondoka ni dalili. Ugonjwa umebaki palepale ulipokuwa.

Nataka kuieleza tiba hiyo kwa kirefu, kwa sababu nimeiona ikifanywa kwenye gari langu na nimeiona ikitenguliwa kijijini Guta, na kwa sababu ninaamini kwamba namna yetu ya kuendesha mambo ya umma inafanana nayo kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na injini yenyewe. Injini ya petroli yenye silinda nne, ikiwa katika mizunguko 750 kwa dakika, huchoma mafuta mara 25 kila sekunde. Kila silinda hupata zamu yake takriban mara sita kwa sekunde. Silinda moja ikizembea, pigo moja katika kila mapigo manne hupungua nguvu au hukosekana kabisa, na pengo hilo hujirudia mara sita kwa sekunde. Mtikisiko wa taratibu kiasi hicho mwili wa binadamu huuhisi barabara. Usukani hucheza, kiti hutikisika, kioo cha pembeni humwonesha dereva barabara iliyofifia. Injini hiyohiyo ikifikishwa mizunguko 3,000 kwa dakika, mapigo huwa 100 kwa sekunde. Pengo lingali lipo, tena limeongezeka idadi, lakini uzito wa vyuma vinavyozunguka hulivuka kabla dereva hajalitambua. Ndiyo maana gari bovu linaweza kukimbia vizuri kutoka Bunda hadi Musoma, kisha likatetemeka kama mgonjwa wa homa mara tu linaposimama.

Kwa hiyo silensa ni mizani yenye haki kuliko mwendo kasi. Katika mwendo kasi, silinda tatu nzima huibeba moja iliyolala. Katika utulivu hakuna wa kumficha mwenzake.

Gari langu ni la mwaka 1998, dogo, la petroli, lenye gia zinazojibadilisha zenyewe. Halina thamani kubwa sokoni, lakini nyumbani kwetu Guta lina kazi ambayo haipimwi kwa bei. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, au mtoto akizidiwa na malaria, ndilo hugongewa dirisha. Gari la namna hiyo haliruhusiwi kuzimika njiani. Lilipoanza kutetemeka, lilipelekwa kwenye gereji moja mjini, mbali na Mara, ambayo sitaitaja. Likabadilishwa plagi zote nne. Mtetemo ukabaki. Zikabadilishwa nyaya za plagi. Mtetemo ukabaki. Ndipo silensa ikapandishwa hadi mizunguko 1,200 kwa dakika, nikaambiwa gari limepona, na kwamba likirudia itabidi kununua injini nyingine ya mtumba.

Kuanzia siku hiyo gari lilikunywa mafuta zaidi, na jambo la hatari zaidi likajitokeza. Gari la gia za namna hiyo, mwendo wa injini ukiwa juu, husukuma mbele lenyewe hata kama dereva hajakanyaga mafuta. Pale sokoni Bunda, penye watoto, baiskeli, bodaboda na akina mama wenye beseni za dagaa, nililazimika kukandamiza breki kwa nguvu ili gari lisijiendee. Mtetemo uliofichwa ulikuwa umegeuzwa kuwa hatari kwa watu wasiojua lolote kuhusu injini yangu.

Fundi wa Guta niliyemwendea hana bango wala ukuta. Ana mti, benchi, sanduku la spana na msaidizi mmoja, binti aliyemaliza kidato cha nne. Nilimweleza yote yaliyobadilishwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa na mtu yeyote: "Mwalimu, baada ya kubadilisha hivyo vyote, walipima nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimepimwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuirudisha silensa chini. Gari likaanza kutetemeka upya, tena vibaya kuliko nilivyolikumbuka. Mzee yule alifurahi. Alisema ugonjwa ukijificha hauwezi kutibiwa, na kwamba ni lazima kwanza gari liruhusiwe kusema. Halafu akafuata mpangilio ambao ninauandika hapa kwa sababu una manufaa kwa yeyote mwenye gari la umri huo.

Alitaka kujua kwanza kama injini yenyewe inakosea, au inakwenda sawa ila mwili wa gari ndio unaopokea mtikisiko usiostahili. Haya ni magonjwa mawili tofauti. Alishika kipande cha karatasi nyuma ya bomba la moshi. Injini yenye afya huisukuma karatasi kwa pumzi zinazofuatana sawasawa. Karatasi yetu ilisukumwa, ikasita, ikasukumwa tena. Injini ilikuwa inakosa pigo.

Akauliza kuhusu mafuta, yalinunuliwa wapi na lini. Swali hilo lina historia yake katika nchi hii. Kuna wakati mafuta ya taa, yaliyotozwa kodi ndogo, yalichanganywa na dizeli na petroli kwa faida ya wajanja. EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili mchanganyiko huo utambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya udanganyifu iondoke. Neno uchakachuaji likatoka kwenye vituo vya mafuta likaingia katika mazungumzo ya uchaguzi mkuu wa 2010, na halijatoka tena katika lugha yetu. Mafuta yangu yalikuwa safi. Fundi akayaondoa katika orodha ya washukiwa na kuendelea.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumtafuta mzembe kwa jina. Alichomoa kiunganishi cha umeme cha nozeli moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma. Silinda inayofanya kazi ikinyimwa mafuta, injini huyumba papo hapo. Aliponyima silinda ya kwanza, ya pili na ya nne, injini iliyumba. Aliponyima ya tatu, hakukuwa na badiliko la maana. Silinda ya tatu ilikuwa ikila bila kufanya kazi.

Hapo ndipo mafundi wengi hununua kitu. Yeye hakununua. Aliihamisha plagi ya silinda ya tatu hadi ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu. Kama plagi ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Akafanya hivyo kwa nyaya. Haukuhama. Akapima mgandamizo wa silinda zote nne kwa geji, na ya tatu ikawa sawa na wenzake. Maana yake pistoni, ringi na valvu zilikuwa salama, na injini ya mtumba niliyotishiwa nayo haikuwa na sababu yoyote ya kununuliwa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye nozeli na mpini sikioni. Alisikia mlio wake mdogo wa kufunguka na kufunga. Nozeli ilikuwa hai.

Cheche zilikuwepo, mgandamizo ulikuwepo, mafuta yalikuwepo. Kilichobaki ni hewa.

Injini ya aina hii hupima hewa inayoingia na kutoa mafuta kulingana na kipimo hicho. Hewa ikipenya mahali isipotarajiwa, mchanganyiko huwa na hewa nyingi na mafuta machache. Kwa mwendo kasi, hewa hiyo ya wizi ni sehemu ndogo ya hewa yote na hakuna anayeiona. Kwenye silensa, injini inapovuta hewa kidogo sana, wizi huo mdogo unatosha kuilaza silinda moja. Msaidizi ndiye aliyesema kwamba anasikia kama mluzi upande wa nyuma. Fundi hakumwambia anyamaze kwa kuwa ni mwanafunzi. Alichukua chupa ya maji yenye kinyunyizio na kunyunyiza pale binti alipoonesha. Kwa sekunde chache injini ikabadilika sauti, ikatulia, kisha ikarudi kutetemeka. Palikuwa na mpira mwembamba wa hewa, mrefu kama kidole, uliochanika kwa uzee na joto kwenye njia ya hewa ya silinda ya tatu. Bei ya mpira mpya haikufika nusu ya bei ya plagi moja.

Hata hivyo kazi haikuishia hapo, na sehemu hii naiona kuwa muhimu kuliko zote. Mpira ulipobadilishwa, karatasi kwenye bomba la moshi ilisukumwa sawasawa, na injini ikatulia katika mizunguko 750. Lakini gia ilipowekwa kwenye D huku breki imekanyagwa, mtetemo mdogo ukarudi. Palikuwa na ugonjwa wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Injini hubebwa na vishikizio vya chuma na mpira, ambavyo mafundi huviita mauntini. Mauntini huumeza mtikisiko usiwafikie abiria. Fundi alihakikisha hakuna mtu mbele ya gari, akanitaka nikaze breki na kuhamisha gia kutoka D kwenda R. Injini iliinuka upande mmoja kama mtu anayeshtuka usingizini. Kishikizio cha nyuma kilikuwa kimekatika mpira wake. Huenda kilichakazwa na mitikisiko ya miezi mingi iliyosababishwa na mpira ule mdogo ambao hakuna aliyeutafuta. Ugonjwa mmoja ukiachwa huzaa mwingine, na anayekuja kutibu baadaye hukuta yote mawili yamelaliana.

Kazi yote ilichukua asubuhi moja.

Sasa naomba wasomaji wangu, wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, tuangalie nchi kwa jicho la fundi yule. Ni mara ngapi tunaipima taasisi ikiwa kwenye silensa? Tunaijua zahanati siku waziri anapokuja, sakafu ikiwa imedekiwa na dawa zikiwa zimepangwa. Tunaijua halmashauri wiki ya mbio za Mwenge, miradi ikiwa imepakwa rangi. Tunaijua shule siku ya mahafali. Hayo yote ni mwendo kasi. Kila mtu yuko mbioni, mwenye nguvu anambeba aliyelala, na mapengo yanapita bila kuhisiwa. Silensa ya zahanati ni Jumanne ya kawaida, saa nane mchana, hakuna mgeni, na mama mmoja ameketi kwenye benchi na mtoto mgonjwa. Anayetaka kujua kama silinda zote zinafanya kazi na aende siku hiyo.

Na mtetemo ukidhihirika, tunafanya nini? Mara nyingi tunapandisha silensa. Tunatangaza operesheni. Tunatoa siku saba. Tunaunda kikosi kazi, tunahamisha ofisa, tunaweka viongozi barabarani na kamera nyuma yao. Mwendo unaongezeka, kelele inaongezeka, mtetemo hausikiki. Gharama inaongezeka pia, kama mafuta yalivyoongezeka kwenye gari langu, na wakati mwingine gari linaanza kuwasukuma watu waliosimama mbele yake.

Ziwa lililo mbele ya Guta lilitupa somo zito. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walikufa. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba takriban watu 100. Katikati ya mwaka huohuo kilikuwa kimefanyiwa matengenezo makubwa na kufungwa injini mpya mbili. Sisemi injini hizo hazikuhitajika. Ninachosema ni kwamba injini mpya haihesabu abiria. Swali la nani anasimama gatini siku ya gulio, akiwa na mamlaka ya kusema "imetosha, subirini", halikuweza kujibiwa kwa kununua kifaa. Kifaa kilikuwa kipya, na pengo lilikuwa mahali pengine.

Kuna sababu inayotufanya tupendelee kifaa. Fundi wa mjini hakuwa lazima mwizi. Mteja hulipa kwa moyo mkunjufu anapokabidhiwa plagi mpya ndani ya boksi lake. Akiambiwa kwamba fedha hiyo ni ya kumsikiliza mgonjwa kwa saa tatu, hunung'unika. Fundi anayeishi kwa kuuza vifaa atagundua daima kwamba tatizo ni kifaa. Bajeti zetu nazo zina tabia hiyo. Jengo huzinduliwa, gari la wagonjwa hukabidhiwa funguo mbele ya umati, lakini hakuna utepe wa kukata siku mkaguzi anapopata mafuta ya kumfikisha kwenye zahanati ya mwisho wa barabara. Tunalipia kinachoshikika, kisha tunashangaa kwamba kupima kumeachwa.

Tatizo jingine ni kugombana na geji. Ibara ya 143 ya Katiba yetu inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka ripoti zake huwekwa mbele ya Bunge. Hicho ni kipimo cha mgandamizo wa nchi. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, aliyekuwa na wadhifa huo, baada ya yeye kusema katika mahojiano kwamba kutochukua hatua juu ya yanayobainishwa na ripoti ni udhaifu wa Bunge. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu neno udhaifu. Lakini tazama mahali nguvu zilikokwenda. Siku nyingi za mjadala wa kitaifa zilitumika juu ya neno la aliyeshika geji, na chache mno juu ya namba ambazo geji ilionesha.

Jambo hili halikuwa geni kwa Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama, si mbali na Guta. Katika kijitabu chake cha Tujisahihishe cha mwaka 1962 alikemea tabia ya kupima hoja kwa kumtazama aliyeisema badala ya kuangalia kama ni kweli. Kwenye gereji ya chini ya mti, tabia hiyo ingetugharimu injini nzima, maana mluzi ulisikiwa na mwenye cheo kidogo kuliko wote. Katika ofisi za umma ni watarishi, wauguzi wa zamu ya usiku na makarani wa masijala wanaousikia mluzi kwanza. Wangapi wameambiwa wanyamaze?

Najua pingamizi litakalotolewa, na si pingamizi jepesi. Mgonjwa anayesubiri dawa hana muda wa uchunguzi wetu. Mwanafunzi aliyekaa chini anataka dawati leo. Ni kweli, na zipo nyakati ambapo kupandisha silensa kunafaa, kama vile gari linapotishia kuzimika njiani na kuna mama mjamzito kiti cha nyuma. Pandisha, umfikishe hospitali. Lakini dereva mwaminifu ataandika mahali kwamba alichofanya ni kulifikisha gari, na kesho yake atairudisha silensa chini ili ugonjwa utafutwe. Kinachotuumiza ni pale hatua ya dharura inapotangazwa kuwa ndiyo uponyaji, ikapigiwa makofi, na ikahesabiwa katika mafanikio ya mwaka. Tena uchunguzi wa kweli hauchukui muda kama tunavyodai. Gari langu lilizungushwa kwa miezi likibadilishwa vifaa, likachunguzwa kwa asubuhi moja.

Wanafunzi wangu huniuliza wafanye nini na maarifa wanayoyapata chuoni. Ninawapa kazi iliyo ndani ya uwezo wao. Ukisikia kwamba taasisi fulani imefanyiwa mageuzi, uliza swali la fundi wa Guta: baada ya kubadilisha, walipima nini? Omba kipimo cha kabla na kipimo cha baada, na vyote viwe vimechukuliwa siku ya kawaida. Kwa wanaharakati, ramani ya pengo ina nguvu kuliko orodha ya malalamiko, kwa sababu inasema ni silinda ipi iliyolala na ni zipi zisizo na hatia. Kwa mtumishi wa umma ninayemheshimu, mwenye faili mezani na mkubwa juu yake anayetaka matokeo kabla ya Ijumaa, ombi langu ni dogo zaidi. Unapoagizwa kubadilisha kitu, andika kwa sentensi moja kwamba ulipima nini hata ukajua ni hicho. Kama sentensi hiyo haiandikiki, iache nafasi yake wazi katika faili, ili atakayekuja baada yako ajue mahali pa kuanzia.